Watu wa Kumzika Baba

Sisi watu wa Rungwe tunajua kuzika. Mambo mengine tunabahatisha, lakini maiti haijawahi kutushinda. Mtu akifa, rimu ya lori iliyoning'inizwa sokoni inagongwa, na kabla haijanyamaza wanaume wameshaacha walichokuwa wakifanya na wako njiani na majembe na makoleo. Wanawake wamejitwika kuni, ndizi na ndoo za maji. Hakuna anayealikwa. Asiyefika hutafutwa kesho yake aeleze alikuwa wapi, na ole wake aseme alikuwa na kazi.

Wafu wetu hatuwapeleki mbali. Tunawalaza hapo hapo nyumbani, ndani ya migomba, karibu na jiko, na mtoto wa kwetu anakua akifukuza kuku juu ya bibi yake. Kaburi lenyewe lina taratibu zake. Mfiwa hachimbi, kazi yake ni kukaa na kulia, kuchimba ni kwa watu. Na aliyeingia shimoni haachi jembe mwenyewe. Anachimba mpaka mwenzake aliye juu aseme "lete," amnyooshee mkono na kumpokea. Udongo wetu ni mweusi na mwepesi, mtu mmoja mwenye afya angeweza kumaliza kaburi zima peke yake. Lakini hilo sijawahi kuliona, kwa sababu jembe halikai mkononi mwa mtu mmoja. Wageni wakiona hivyo hutusifu sana. Wanasema tuna umoja. Ni kweli tunao, na mimi nimeuona kwa mbele na kwa nyuma.

Kamji ketu hakako mbali na Tukuyu, ila kalikuwa kanakufa, tena bila hata kuumwa vizuri. Ghala la kahawa la ushirika lilikuwa limebaki la popo. Vijana walikuwa Tunduma na Mbeya wakibeba mizigo ya watu. Soko lilikuwa na paa upande mmoja, kwa hiyo mvua ikinyesha, na kwetu mvua haiombwi, wauza nyanya na wauza mitumba walijibana upande huo huo wakitukanana. Mimi nilikuwa na kimgahawa cha chai na chapati pale stendi, na kuna siku chapati niliyoipika asubuhi niliila mwenyewe jioni.

Ndipo akaja yule mama. Alikuja na gari jeupe, dereva, na magoti mabovu. Alikuwa mjane wa Dar es Salaam, tajiri wa biashara ya makontena, na daktari alikuwa amemshauri atafute mahali pa baridi apumzike. Wengine wakipewa ushauri wa namna hiyo hununua sweta. Yeye alinunua ghala.

Sitamsingizia. Alifukuza popo, akaezeka upya, akaweka mashine za kuosha na kupanga parachichi, akaanza kununua kwa wakulima mpaka wa Suma na Matwebe. Alivuta maji ya bomba hadi sokoni, akamalizia lile paa, akaweka taa. Wasichana waliokuwa wakienda mjini kuosha vyombo vya watu walivaa kofia nyeupe wakachambua parachichi nyumbani kwao. Vijana walirudi, na waliporudi walitaka chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona kweli, mimi nikiwa mmoja wao. Tulimwita mama mgeni, na kila alipopita mtu alinyanyuka kumpa kiti. Kwenye misiba alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, na nadhani alifikiri kila mtu huku anabebewa kiti.

Tatizo likawa njia. Malori yenye majokofu yalikuwa makubwa, na ghala lilikuwa nyuma ya shamba letu. Upande wa pili kulikuwa na korongo na mto. Njia nyembamba ya zamani iliwatosha watu na pikipiki tu, kwa hiyo parachichi zilikuwa zinabebwa kwa makreti mpaka barabarani, nyingine zinafika zimepondeka. Ili lori lifike ghalani lilipaswa kukata katikati ya migomba ya baba. Na katikati ya migomba ya baba ndipo alipokuwa mama yetu, pamoja na wadogo zetu wawili waliofariki wachanga.

Mama mgeni alikuja kwenye mkutano sokoni akaiomba njia mwenyewe, hakutuma mtu. Aliinama akamwamkia baba shikamoo, akaeleza taratibu, akasema atalipa na atatafuta shamba jingine. Baba alisimama na fimbo yake. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kwetu, cha kuazima na kurudisha.

"Ndaga fijo, asante sana, mama," alisema. "Maji tunakunywa, ndaga. Taa tunaona, ndaga. Lakini pale unapopataka nimemlaza mwenzangu na watoto. Na nafasi yangu iko pale pale ubavuni kwake. Nikikupa wewe, mimi nilale wapi?"

Mama mgeni akasema, "Basi, mzee wangu, nimekuelewa. Tutasubiri, labda Mungu atatuonyesha njia nyingine. Mimi sina haraka."

Aliingia kwenye gari akaondoka. Watu tukabaki. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akapanda juu ya benchi la muuza samaki.

"Mmemsikia," alisema. "Yeye hana haraka. Sisi tunayo."

Watu wakacheka. Hata baba alicheka kidogo, maana alidhani ni utani. Balozi hakuwa anatania. Alimgeukia akamwambia mbele ya wote, "Mzee, mwenye nguvu mpishe." Baba akajibu, "Nimpishe mimi, sawa. Na mke wangu naye ainuke ampishe?" Hapo hakuna aliyecheka.

Walianza na utani, kama kawaida yetu. Ukipita unaulizwa marehemu hawajambo. Kisha utani ukaisha na salamu zikaisha nao. Wateja wangu wakahamia kwenye mgahawa wa upande wa pili, ambako chapati ni ngumu kama kandambili, na wakazila huku wananitazama. Kaka yangu, aliyekuwa akiendesha bodaboda mpaka Isongole kupakia viazi, akawa anaegeshewa pikipiki ya mwingine mbele yake kila abiria anapokuja. Aliyeniuma zaidi alikuwa shoga yangu, fundi cherehani wa jirani. Tulisoma naye, tukaolewa karibu wakati mmoja, tukaachika karibu wakati mmoja, tukachekana. Binti yake alikuwa amepata kazi ghalani. Siku moja aliirudisha sufuria yangu, akaitua kizingitini bila kubisha. Nilipomwita kwa jina letu la utani aligeuka akasema, "Usiniite shoga mbele za watu. Mwanangu ana kazi pale."

Mama mgeni hakujua lolote. Hilo nalisema kwa haki, ingawa haki yenyewe inanichosha. Alipita na gari lake akitupungia, nasi tukampungia.

Baba alivumilia yote hayo. Mtu wa kwetu akikunyima salamu unaweza kuishi. Alichoshindwa ni msiba. Alifariki mzee wa rika lake, waliyechunga naye ng'ombe utotoni, na rimu ilipogongwa baba alichukua jembe akaenda. Mimi nilikuwa nyuma yake na mkungu wa ndizi kichwani. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza kaburi. Baba akaingia shimoni, kama wanavyofanya wazee, achimbe kidogo kwa heshima ya mwenzake kisha apokewe. Mzee huwa anapiga mapigo machache tu, na tayari kijana ameinama juu: lete, tata, lete, baba.

Siku hiyo hakuna aliyesema lete. Baba akachimba. Vijana wakasimama ukingoni mikono kifuani. Akachimba, akapumzika, akatazama juu, akachimba tena. Jasho lilikuwa likimtoka mpaka kwenye ndevu. Wanawake tuliokaa kwenye majani ya migomba tulianza kuinamisha vichwa, maana hata aliyechukia aliona aibu kutazama, lakini aibu haikumtuma mtu kunyoosha mkono. Nilitaka kwenda mwenyewe. Mwanamke mmoja akaniketisha kwa kunivuta kitenge. Mwishowe baba akakaa chini humo humo kaburini. Kisha akalichomeka jembe kwenye udongo, akapanda juu kwa mikono na magoti, akaondoka. Nyuma yake nilisikia wanaume wakiruka shimoni kuendelea na kazi kwa bidii kubwa.

Nyumbani aliosha miguu, akakaa kizingitini. Nilimletea chai, haikunyweka. Kaka aliporudi baba alimuuliza, "Gwe mwanangu, mimi nani atanichimbia?"

"Watu, tata," kaka alisema.

"Watu gani?"

Kuanzia hapo hilo ndilo lilikuwa neno la baba. Hakuogopa kufa, alishachoka na mwili wake. Aliogopa kubaki juu ya ardhi bila wa kumshusha, kama mbwa aliyegongwa na gari. Kila rimu ilipolia aliinuka, akashika jembe, akasimama mlangoni, akarudi kukaa. Nilimwambia awape hiyo njia, tuhamishe makaburi, yaishe. Alinitazama akasema mama yangu aliteseka vya kutosha alipokuwa hai. Nilimkasirikia. Mtu mzima ana haki ya kuwa mkaidi, lakini ukaidi wake tulikuwa tunaula sote, kwenye sahani moja.

Alifariki msimu wa mvua, asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye paa. Tulimfunga kidevu, tukamnyoosha, na kaka akaenda sokoni kugonga rimu. Nilikuwa nimebaki na maiti lakini niliisikia rimu. Aligonga kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Alinieleza baadaye kwamba wanawake waliokuwa ghalani walichungulia mlangoni, wakaona ni nani anayegonga, wakarudi ndani. Muuza samaki aliendelea kupima samaki. Fundi seremala, mbao zake zikiwa zimepangwa mpaka nje, alimwambia mbao zimeisha. Kaka ikambidi akanunue jeneza Tukuyu, na lilikuja limefungwa juu ya pikipiki ya matairi matatu, dereva akilalamika njia nzima kuwa mzigo wa namna hiyo unaleta mkosi. Mchungaji alituma ujumbe kuwa tumbo linamsumbua.

Mwenye duka la vifaa, mzee Mwislamu ambaye baba alikuwa akicheza naye bao, alituma makoleo mawili yamefungwa ndani ya gunia ili yasionekane ni makoleo. Mwenyewe hakuja. Nilimshukuru na kumlaani kwa pumzi moja.

Aliyekuja ni balozi. Alisimama uani, hakutaka kuingia, akavua kofia. "Poleni," alisema. "Watu wako tayari. Majembe yako tayari. Toeni neno moja tu juu ya ile njia, na mzee atazikwa kama mfalme."

Kaka alinitazama. Nilijua anataka kusema ndiyo, kwa hiyo nikamuwahi. Nilimwambia balozi maneno ambayo hayaandikiki, yakiwemo ya mama yake mzazi, na nikamtupia maji ya kuoshea maiti. Hayakumpata vizuri. Akavaa kofia akaenda zake, na kaka akasema kwa sauti ndogo, "Sasa?"

"Sasa tunachimba."

Tukachimba, wafiwa, mmoja wao mwanamke, kwenye mvua. Nilishasema udongo wetu ni mwepesi. Mwili wangu haukuteseka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniliza, kwamba kazi yenyewe ilikuwa ndogo namna ile. Kutoka mle shimoni niliweza kusikia mashine za ghala na wasichana wakiimba. Nililia kwa hasira mpaka kamasi. Kaka hakulia, alikuwa anachimba na kuguna, na kila alipochoka mimi nilimwambia lete, na nilipochoka yeye akaniambia lete, tukawa tunapokezana wawili tu kama watoto wanaocheza msiba.

Kumbe dirisha la ofisi ya mama mgeni lilitazama migomba yetu. Alituona. Aliteremka na buti zake za mvua, msichana mmoja wa ghalani akimfuata mbio na mwavuli.

"Mnachimba nini kwenye mvua yote hii?" aliuliza.

"Kaburi," nilisema.

"La nani?"

"La baba."

Alishika mdomo. Akatazama huku na huku kwenye migomba, akiutafuta umati aliouzoea, majani yaliyotandikwa, masufuria, viti. "Watu wako wapi?"

"Wako kwako, mama. Wanachambua parachichi."

Alivua mtandio akampa yule msichana, akakaa ukingoni, akashuka shimoni na magoti yake mabovu, akaninyooshea mkono nimpe jembe. Sijui kama alijua desturi au alifanya tu anachoweza kufanya mtu. Nilimpa. Alichimba vibaya mno, akijirushia udongo kwenye buti. Ila alichimba.

Yule msichana alitupa mwavuli akakimbia kurudi ghalani.

Walikuja kama siafu. Mashine zilizimwa, na niliwasikia kabla sijawaona, miguu yao kwenye matope, majembe yakigongana. Seremala alikuja na mbao zilizokuwa zimeisha. Mchungaji alikuja na joho lake, tumbo limepona. Wanaume waliinama juu ya kaburi la baba, mikono mingi kwa mara moja, wakisukumana, karibu waangukiane humo ndani: "Lete, mama! Lete! Lete jembe, mama yetu!" Aliyelipata alilipata kwa kumpiga mwenzake kiwiko. Wakamwinua mama mgeni juu kwa makwapa, wakamfuta matope, wakamletea kiti cha plastiki, wakamfunika kanga. Wanawake wakamzunguka wakipiga mayowe ya kilio. Mimi na kaka tulitoka shimoni wenyewe.

Kisha wakaanza kumpa pole. Nadhani wa kwanza alifanya kwa kuchanganyikiwa, na wa pili akaona asionekane mkorofi. Walijipanga, wakapita mmoja mmoja mbele ya kile kiti, wakamshika mkono kwa mikono miwili na kupiga goti: pole, mama, pole sana kwa msiba. Baadhi yao walifika kwetu baadaye, mkono mmoja, macho pembeni. Baba alishushwa ubavuni kwa mama, pale alipopataka. Balozi alihutubia. Alisema leo mama yetu ametufundisha upendo. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya kamji ketu. Nilikuwa nimesimama nyuma, miguu imejaa udongo wa kaburi la baba yangu, na nikatamani lile shimo lingekuwa refu zaidi, na la watu wengi zaidi.

Mama mgeni alibaki baada ya wengine kuanza kula. Aliingia ndani, akakaa na mimi chini, akaniomba nimweleze. Shoga yangu alikuwa akitugawia chai, akaanza kusema kwamba watu walichelewa kwa sababu ya mvua. Nilimwacha amalize, halafu nikaeleza yote, tangu balozi alipopanda kwenye benchi la muuza samaki. Nilieleza na baba alivyoachwa shimoni na jembe.

Mama mgeni alilia, machozi ya kweli. Alipotoka nje aliwaambia wote kwa sauti, "Ile njia siitaki tena. Msiguse shamba la hawa watoto. Nitatafuta namna nyingine, na nikikosa nitafunga ghala nirudi Dar. Siwezi kula kwa namna hii."

Alisema kwa wema, nami nikaona wema ule unatuua. Watu waliacha kutafuna. Hawakumtazama yeye. Walitutazama sisi, uani kote, kila mtu na sahani yake, na wala hapakuwa na hasira machoni mwao. Walikuwa kama watu wanaokariri sura za kukumbuka.

Kaka alikuwa na mke na watoto. Alilikimbilia lile gari jeupe barabarani, akaweka mikono juu ya boneti. "Mama, pitisha," alisema. "Pitisha njia yako." Mama mgeni alishusha kioo akasema hapana, hawezi, baba yenu ndiyo kwanza amelala. Kaka akaendelea: pitisha, mama, nakuomba. Alimkatalia, akamshika shavu, akaondoka.

Kwa hiyo tukaanza kumbembeleza, sisi. Kaka alikwenda ofisini kwake asubuhi na jioni. Niligombana naye, nikamwita muuza mifupa. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Mwanangu akifa kesho, utamchimbia wewe? Na mimi? Na wewe mwenyewe, nani? Baba alikuwa na sisi wawili. Wewe una nani?"

Sikuwa na mtu. Sikuzaa, na mume tulishaachana. Nilikaa na swali hilo kimgahawani bila mteja, nikisikia mvua juu ya bati, na nikaona kwamba ninaogopa, kwa woga ule ule wa baba, ila yeye alikuwa na ujasiri wa kubaki nao. Nilifunga nikaenda ghalani. Nilimkuta mama mgeni anafungasha vitu. Nikapiga magoti. Nilimwambia baba ameridhika, mama ameridhika, sisi tumeridhika, achukue. Nadhani aliamini kwa sababu alitaka sana kuamini. Ghala lilikuwa limemrudishia hamu ya kuishi, na si rahisi mtu kuitupa hamu hiyo kwa ajili ya wafu wa watu wengine. Alisema atafuata vibali vyote na atawajengea makaburi ya vigae, upande wa juu, penye mandhari nzuri.

Siku ya kufukua hatukugonga rimu. Walikuja wenyewe, mapema, wote. Waliimba. Turubai lilifungwa, masufuria yakatelekwa, mchungaji akasali kwa kirefu na kwa uchungu. Mama walimkuta mifupa, wakamweka kwenye shuka jipya. Kwa wadogo zetu hawakupata kitu, kwa hiyo walichota udongo, wakaufunga kwenye kanga, wakasema ndio wao. Jeneza la baba lilikuwa bado zima, na zito kuliko siku ya kwanza. Harufu ilipotoka vijana hawakurudi nyuma hata mmoja. Lete, lete, walisema, jembe likipita mkono hadi mkono bila kutulia, na wale waliosimama juu wakati ule baba anachimba walikuwa humo ndani mpaka kiunoni, wakimbeba mabegani kwa adabu kubwa.

Nilikaa kwenye majani ya migomba pamoja na wanawake. Wakapita kunipa pole, mstari mrefu, mikono miwili, goti. Kila aliyepita alinitaja jina. Shoga yangu alikaa ubavuni kwangu, akanikumbatia, akaniita kwa jina letu la utani mbele za watu wote, akalia. Nikaweka kichwa begani kwake nikalia kwa sauti, kilio chote ambacho sikuwa na pa kukililia siku ya kwanza, na nililia nikiwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijisikia mtu tena.

Walipokuwa wanamshusha baba kwa mara ya pili, shoga yangu aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala tangu jana. Akaenda akaniletea sahani ya ndizi na maharage, ya moto, nikaila yote.